Risala ya Kikundi cha Waliotibiwa Saratani ya Kichwa na Shingo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madaktari na wauguzi mliofika, wanakikundi wenzangu na familia zenu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Umeona kwamba kila mwanakikundi ameshika chupa ya maji. Mate yetu hayatoshi, Mheshimiwa. Hata mimi nitanyamaza mara moja moja nilowanishe ulimi, naomba univumilie.

Sote hapa tulipigwa mionzi, wengi wetu siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 au 7. Tiba hiyo ndiyo iliyotubakiza hai na hatukuja kuilaumu. Ila mionzi ya koo au ya ulimi mara nyingi huzigusa na tezi za mate. Tezi hizo huanza kudhoofika tangu wiki za mwanzo, na zikipata dozi kubwa huenda zisirudi tena kama zamani. Mate ndiyo yanayoosha mabaki ya chakula, yanayopoza makali ya asidi na kulirudishia jino madini yake. Yakikauka, jino halina mlinzi.

Na meno yetu yana namna yake ya kuoza. Uozo hushika shingo ya jino, pale linapokutana na ufizi, ukalizunguka kama pete mpaka likakatika. Jino langu la mbele lilikatika nikila mkate laini, miezi kadhaa baada ya kumaliza tiba. Sikusikia maumivu. Nilidhani nimetafuna kijiwe, nikatema kiganjani, nikaona jino langu mwenyewe, la kahawia, limekatika usawa wa ufizi.

Nilikwenda kung'oa kisiki kilichobaki. Aliyenihudumia hakuniuliza kama nimewahi kupigwa mionzi, nami sikujua kwamba ni jambo la kusema. Kidonda kilikataa kufunga. Mfupa uliopata mionzi mingi, hasa kuanzia grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), hupungukiwa na mishipa ya damu. Ukijeruhiwa hushindwa kujiponya, na sehemu yake huweza kufa. Taya la chini ndilo huumia zaidi. Hatari hii haina mwisho: hata baada ya miaka 10, jino moja liking'olewa bila tahadhari linaweza kuiamsha.

Ndiyo maana ombi letu kubwa, Mheshimiwa, ni kwamba mgonjwa aonwe na daktari wa meno kabla ya mionzi. Jino lisilookolewa ling'olewe mapema, na kidonda kipate kama wiki 2 za kupona. Yanayozibika yazibwe. Tunajua saratani haingoji, na hatuombi tiba icheleweshwe. Tunaomba rufaa ya meno iandikwe siku ileile mgonjwa anapoambiwa atahitaji mionzi, ili siku za maandalizi zisipotee bure.

Tunaomba pia msaada wa floraidi. Dawa ya meno ya kawaida huwa na sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na haitutoshi. Sisi hushauriwa kutumia ya 5,000, au jeli inayojazwa kwenye kifuniko laini kilichofinyangwa kufuata meno ya mhusika, kila siku, maisha yote. Anayekosa uwezo wa kuinunua hupoteza meno ambayo yangeweza kubaki.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu tunayafanya. Tunasukutua kwa maji yenye chumvi na magadi ya kuokea, na dawa za kusukutua zenye spiriti tumeziacha. Mionzi hukaza pia misuli ya taya, kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kupanga vijiti bapa vya mbao katikati ya meno, tukiongeza kimoja kimoja. Mwenzetu mmoja alianza na vijiti 9. Leo anaingiza 15, na kijiko kinapita.

Mwisho, tumetengeneza kadi ndogo inayoonyesha sehemu iliyopigwa mionzi, dozi na tarehe, ili mgonjwa amwonyeshe yeyote atakayeshika koleo mbele ya kinywa chake. Kwa sasa tunaziandika kwa mkono. Tunaomba zichapishwe, na kila anayemaliza tiba aondoke na yake. Ya kwanza ni hii hapa, tunakukabidhi.

Naomba kuwasilisha.