Mabamba ya zege huharibikia kwenye kalibu, si juani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Kila mabamba ya zege yaliyopangwa nje yanapoanza kumomonyoka, lawama huangukia jua, mvua au "saruji ya siku hizi". Mwenye nyumba hulipa yang'olewe, hununua mengine yaliyotengenezwa vilevile, na baada ya misimu michache vumbi ni lilelile. Inauma, kwa sababu bamba lililotengenezwa vizuri hustahimili jua na mvua kwa miongo. Linalochunika ndani ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingi lilikuwa limeshaharibika kabla halijauzwa.

Mkosaji mkuu ni maji ya kuchanganyia. Ili ishikane, saruji huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake. Mengine huongezwa ili zege lichanganyike na kushindilika. Kwa bamba la nje, mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 22 hivi, ukihesabu na unyevu ulio kwenye mchanga. Anayetaka zege lijiteleze lenyewe ndani ya kalibu humimina lita 30 na kuendelea. Maji ya ziada hupanda juu, hukauka, na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho ambavyo baadaye hunyonya kila mvua. Tena hupanda na chembe laini za saruji na mchanga, na hizo ndizo zinazobaki usoni kama utando dhaifu.

Hapo ndipo fundi hufanya kosa kubwa zaidi. Akiona maji yamesimama juu, hunyunyiza saruji kavu na kusugua kwa mwiko wa chuma ili uso ung'ae. Siku hiyo unapendeza kweli, lakini maji yamefungiwa chini ya ganda la milimita mbili au tatu, na ganda hilo ndilo litakalobanduka kama magamba. Asubiri maji yapotee yenyewe, ndipo asawazishe kwa mwiko wa mbao.

Halafu maji yaliyozidishwa mwanzoni hubaniwa mwishoni. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Hukomaa kwa saruji kuendelea kuungana na maji. Likianikwa juani siku ya pili, uso hukauka kwanza na kukomea hapo, ndani kukiwa kugumu kuliko juu. Lifunikwe kwa magunia yaliyolowa au nailoni, kivulini, siku 7 bila kukatiza, na lisibebeshwe mzigo mzito kabla ya siku 28.

Mchanga nao upimwe. Jaza nusu chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la udongo juu yake likizidi sehemu moja ya kumi ya kina cha mchanga, usiutumie.

Unga mweupe unaojitokeza kwenye mabamba mapya usiwatie watu hofu. Ni chokaa iliyotoka ndani na maji ikakutana na hewa, na hufifia yenyewe. Kinacholiumiza bamba ni kuusugua unga huo kwa tindikali, maana tindikali hula saruji yenyewe. Kwenye nchi za baridi kali kuna adui mwingine: maji yaliyo kwenye vitundu yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuupasua uso, na chumvi ya kuyeyushia barafu huongeza madhara.

Kuvunjika katikati ni kesi tofauti, ya msingi. Kifusi au kokoto zishindiliwe hadi unene wa sentimita 10, juu yake mchanga wa sentimita 3 tu, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Mchanga ukiwa mnene, bamba huzama upande mmoja. Bamba pana la milimita 50 ni la waenda kwa miguu. Gari likipita litapasuka hata zege likiwa bora.

Kabla ya kununua, kwaruza uso kwa msumari: ukitoa unga, liache. Dondoshea maji: yakinywewa papo hapo, vitundu ni vingi. Na uliza tarehe zege lilipomwagwa na lilimwagiliwa siku ngapi. Muuzaji asiyejua lolote kati ya hayo mawili, usimpe hata malipo ya awali.

Fundi zege