Mafunzo ya walinzi wa amani Jumamosi hii

Habari zenu ndugu. Jumamosi saa tatu asubuhi tunaanza mafunzo yetu sisi walinzi wa amani, yaani watu tulioruhusiwa kisheria kushuhudia viapo na kuthibitisha nakala za hati, na safari hii nataka tukae zaidi kwenye hati za kiapo, maana hapo ndipo watu huumia. Mtu akikuletea hati aliyokwisha kuitia saini nyumbani, usigonge muhuri. Mlinganishe na picha ya kitambulisho chake, mwapishe, kisha asaini upya ukimwona. Nafasi zilizoachwa wazi zipigwe mstari kwanza, la sivyo mwingine atazijaza baadaye.

Nakala tunaithibitisha tukiwa na hati halisi mkononi, ukurasa kwa ukurasa. Hati ya ndugu yako, au yenye maslahi yako, mpelekee mwenzako.

Ushauri wa kisheria tusitoe, hata mtu akilia mbele yetu. Najua inauma, lakini tumwelekeze kwa wakili. Dhamana hii ya ulinzi wa amani, iliyowekwa kwenye sheria ya Uingereza tangu 1361, sisi tunaifanya kwa kujitolea, kwa hiyo asilipishwe mtu, na zawadi tuzikatae kwa upole.

Njooni na mihuri na daftari zenu za kumbukumbu. Mwenye udhuru aniandikie hapa kabla ya Ijumaa jioni.