Mbwa Amekula Chokoleti: Acha Maziwa, Shika Simu

Kama mbwa wako amekula chokoleti sasa hivi na unasoma haya umesimama jikoni, anza na aya hii, mengine utayasoma baadaye. Mnyang'anye iliyobaki. Okota karatasi yake hata kama imetafunwa. Kisha tupigie, namba ya usiku iko nyuma ya risiti zetu na kwenye mlango wa duka. Tutakuuliza mambo matatu: ni chokoleti ya aina gani na imeliwa kiasi gani, mbwa ana uzito gani, na muda gani umepita tangu ale. Usimpe maziwa, usimpe chumvi, usimpe mafuta wala dafu. Haya, piga.

Wenye nafasi tuendelee.

Hapa Mtwara wengi mnatujua kwa dawa za kuku na chanjo, na tuseme ukweli: mbwa wengi wanaofikishwa kwetu wakitetemeka hawajagusa chokoleti. Wamekula sumu ya panya, au wamelamba dawa ya mikorosho iliyoachwa wazi shambani. Lakini simu za chokoleti zipo, na zina majira yake. Zinaanza pesa za mnada wa korosho zinapoingia mifukoni, zinazidi Desemba wageni wa Dar wanaposhuka na mabegi ya zawadi, na Idi nazo hazikosi. Begi linawekwa sakafuni sebuleni, watu wanasalimiana, mlango uko wazi. Joto letu nalo linasaidia kuharibu mambo. Chokoleti iliyoachwa juu ya kiti Shangani saa nane mchana haibaki ngumu. Inayeyuka, inanukia, na pua ya mbwa haihitaji kuelekezwa.

Kinachomdhuru ni kitu kiitwacho theobromini, kilichomo kwenye kakao, pamoja na kafeini kidogo, ile ile ya kahawa na chai. Binadamu naye anavila vyote viwili, ila mwili wake unavivunja na kuvitoa haraka. Mbwa hana kasi hiyo. Kwake, baada ya saa 17 na nusu hivi, nusu ya theobromini aliyokula bado inazunguka mwilini. Muda wote huo inauchochea moyo na ubongo. Ndiyo maana mtoto wako anaweza kumaliza kipande chake akaenda kucheza, na mbwa aliyekula kipande kama hicho akakesha akihema.

Sasa, si kila chokoleti ni ya kukimbizana nayo, na hapa ndipo wateja wengi wanapokosea kwa pande zote mbili: mmoja anapagawa kwa biskuti moja, mwingine anapuuza kopo zima la kakao. Kwa kukadiria, gramu moja ya chokoleti ya maziwa ina theobromini miligramu 2 hivi. Chokoleti nyeusi ina 5 na kuendelea. Ile chungu ya kuokea, isiyo na sukari, hufika 15. Unga mtupu wa kakao, ule wa kopo wanaotumia wapika keki, hupita 20. Chokoleti nyeupe karibu haina theobromini kabisa. Shida yake ni mafuta na sukari.

Upande wa mbwa, hesabu inafanywa kwa kilo ya uzito wake. Miligramu 20 kwa kila kilo zinatosha kumchafua tumbo na kumkosesha utulivu. Zikifika 40 hadi 50, moyo unaanza kwenda mbio au kupiga bila mpangilio. Kwenye 60 degedege linaweza kuja. Zikipita 100, uhai wenyewe uko hatarini. Chukua mbwa wa kienyeji wa kilo 15, mlinzi wa uani kama walivyo wengi Ligula na Chuno. Akila gramu 100 za chokoleti ya maziwa, amepata miligramu 200, yaani 13 kwa kilo. Huyo pengine ataharisha, na tutakuambia umwangalie nyumbani. Akila gramu 100 za chokoleti nyeusi, inakuwa 33 kwa kilo, na hapo tunataka kumwona. Akitoboa kopo akalamba gramu 50 tu za unga wa kakao, ni zaidi ya 65, na hapo hatubishani kwenye simu, mlete. Halafu chukua kijibwa cha kilo 4 ukipe ile ile gramu 100 ya chokoleti ya maziwa tuliyosema si ya kutisha: miligramu 50 kwa kilo. Kwake ni shida ya moyo.

Kwa hiyo karatasi tunayokuomba uiokote ina kazi. Imeandikwa uzito, na mara nyingi imeandikwa asilimia ya kakao. Kama ilikuwa keki, mpigie aliyeipika umuulize aliweka kakao au chokoleti ya maji, na vijiko vingapi. Usipojua uzito wa mbwa, panda naye kwenye mizani kisha panda peke yako, toa. Na kama uko kijijini, mizani ya chama cha msingi cha ushirika haijui kubagua korosho na mbwa. Tumewahi kupokea uzito uliopimwa huko na ulikuwa sahihi kuliko wa kukisia. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo, mbwa mzee na mbwa mwenye mimba tuambie mapema, maana hao hatuwasubirishi hata kama hesabu inaonekana ndogo.

Tuje kwenye maziwa, kwa sababu ndiyo yanayotusumbua kuliko chokoleti yenyewe. Imani kwamba maziwa yanaua sumu imekita mizizi, na anayempa mbwa wake maziwa anafanya hivyo kwa huruma. Ila maziwa hayaishiki theobromini. Mbwa wengi wazima hata hayawakubali tumboni, wanaharisha, na sisi tunabaki kujiuliza kuhara huku ni kwa chokoleti au kwa maziwa. Mbaya zaidi ni kumkaba mbwa anayetetemeka na kummiminia kwa nguvu: yanaingia mapafuni, na mbwa ambaye angepona kwenye chokoleti anaanza kuumwa nimonia. Mafuta ya kula yana hatari hiyo hiyo, na juu yake yanaongeza mzigo kwenye kongosho ambalo tayari limepokea mafuta ya chokoleti. Dafu ni tamu, halina kazi hapa.

Chumvi tunaikataza kwa sauti kubwa. Watu wanakoroga vijiko vya chumvi kwenye maji ili mbwa atapike. Asipotapika, chumvi yote inaingia kwenye damu, na sumu ya chumvi ni ugonjwa unaojitegemea, unavimbisha ubongo na kuua. Usimtie vidole kooni pia. Atakung'ata, na kwa mbwa asiyechanjwa kichaa cha mbwa utakuwa umejitafutia kesi nyingine hospitalini. Wengine wanasaga mkaa wa jikoni baada ya kusikia kwamba mkaa unanyonya sumu. Mkaa wa dawa ni kweli unanyonya, ila umetengenezwa kiwandani kwa namna ya pekee ili uwe na vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Wa gunia ni wa kupikia ugali.

Iko haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ambayo baadhi yenu mnaijua kwa kusafishia vidonda. Wakati mwingine sisi wenyewe tunamwelekeza mteja aliye mbali aitumie kumtapisha mbwa, lakini ni ile ya asilimia 3 pekee, kwa kipimo tunachompa kulingana na uzito, na kwa mbwa ambaye bado yuko macho na hana dalili. Yenye nguvu zaidi inachoma koo na tumbo. Kipimo hatukiandiki hapa kwa makusudi, kwa sababu uamuzi wa kumtapisha unakuja kabla ya kipimo, na uamuzi huo tufanye pamoja kwenye simu.

Kitu kingine kinachowapoteza watu ni saa. Mbwa akila chokoleti saa mbili usiku, saa tatu yuko mzima, anatingisha mkia. Mwenye nyumba anasema hana kitu, wanalala. Dalili za mwanzo, yaani kiu, kutapika, kuzungukazunguka na kukojoa mara kwa mara, huja baada ya saa chache, na zile kali mara nyingi hujitokeza kati ya saa 6 na 12 tangu ale. Kwa hiyo ni saa nane usiku hadi alfajiri, mji umelala, ndipo anapoanza kutetemeka na kuhema kwa kasi. Yakianza yanaweza kudumu mpaka siku tatu. Ukipiga saa tatu usiku mbwa akiwa bado anatingisha mkia, unatupa kazi rahisi. Ukipiga alfajiri, tunakuja, ila kazi imeshakuwa nyingine.

Ile rahisi ni hii. Akifika kabla ya saa mbili kupita tangu ale, tunampima na kumchoma sindano ya kutapisha. Chokoleti ina tabia ya kushikamana tumboni na kukaa donge, kwa hiyo hata baada ya saa nne au zaidi bado mara nyingi inafaa kujaribu. Kisha anapewa mkaa wa dawa, na akiwa amekula nyingi anarudiwa, maana theobromini hupita kwenye ini, ikarudi kwenye utumbo, ikanyonywa tena. Dawa ya kuiua theobromini yenyewe haipo, popote duniani. Tunachofanya ni kuitoa na kuushikilia mwili mpaka iishe: dripu, dawa ya kutuliza degedege, na dawa ya moyo ikihitajika. Tunamtoa nje akojoe kila baada ya muda mfupi, kwa sababu theobromini iliyo kwenye mkojo inaweza kunyonywa tena kupitia kibofu. Wateja huwa wanashangaa wakituona tunatembea na mgonjwa uani usiku. Ni sehemu ya tiba. Gharama tunaitaja kabla ya kuanza, na inategemea uzito wa mbwa na kama atalala kwetu.

Aliyeko Tandahimba, Newala au Masasi hatufikii ndani ya saa moja, na hatutaki ajaribu kwa bodaboda usiku wakati kuna ofisa mifugo karibu naye. Tupigie, tutapiga hesabu, tutaongea na ofisa huyo moja kwa moja kuhusu dawa alizonazo. Wa Mikindani na Naliendele njooni tu. Mbwa anayesafirishwa kwa bajaji mfunge kamba shingoni na umlaze kwenye kiroba au kanga kuukuu, lakini usimfunge mdomo kwa kitambaa, kwa sababu akitapika njiani atapaliwa. Akipata degedege usimwekee kijiko mdomoni wala mkono. Sogeza vitu vigumu pembeni yake, punguza kelele, angalia saa ili utuambie limechukua muda gani. Tunajua pia kwamba nyumba nyingi za mji huu zina mbwa wa ulinzi ambaye watu hawamgusi, na udhu una masharti yake. Hilo lisikufanye usite kupiga simu. Tunakuja na glavu zetu, wewe tuonyeshe alipo.

Ukiwa unapekua alichokula, angalia na vingine. Chokoleti yenye zabibu kavu ina hatari ya pili, kwani zabibu zinaweza kuharibu figo za mbwa, na kiasi kinachodhuru hakitabiriki. Mabaki ya biriani yenye zabibu nayo yasiende kwenye bakuli lake. Bazoka na peremende zisizo na sukari mara nyingi huwekwa utamu uitwao zailitoli, ambao unaweza kumshusha mbwa sukari ya damu ndani ya saa moja, na huo ni wa haraka kuliko chokoleti yoyote. Karatasi za kung'aa zikimezwa nyingi zinaweza kuziba utumbo. Paka hatupigiwi sana simu zao: ulimi wa paka hauonji utamu, anapita begi la chokoleti akatafute dagaa.

Akirudi nyumbani, maji yawe karibu naye muda wote. Chakula cha siku mbili za mwanzo kiwe wali au ugali laini bila mafuta, kidogo kidogo. Kinyesi kitakuwa cheusi kwa sababu ya mkaa, usishtuke. Ukiona anatapika upya siku ya pili au ya tatu, amekunja mgongo na tumbo linamuuma ukimgusa, hilo linaweza kuwa kongosho lililovimba, mrudishe.

Namba ya usiku iko nyuma ya risiti zetu zote na kwenye mlango wa duka. Iache iite mpaka mwisho. Kijana anayelala na simu hiyo anafanya kazi vizuri akishaamka.