Shukrani kwa kaka ulonisaidia Tunguu, Unguja

Kaka ulonikuta pembeni ya barabara pale Tunguu na gari yangu Impreza WRX, hukutaka kusema jina wala kupokea hata pesa ya soda, basi nakushukuru hapahapa mbele ya watu. Usukani ukitetemeka kila nikikanyaga breki, fundi keshanambia diski za breki za mbele zimepinda ninunue mpya, we ukasema subiri kwanza tuitoe diski, ikagoma imegandana kwa kutu (hewa hii ya bahari haina huruma na chuma), ukatia bolti mbili za milimita 8 kwenye yale matundu yake yenye thredi ukakaza kidogo huku kidogo huku ikachomoka bila nyundo, kumbe nyuma kwenye habu (pale diski na gurudumu vinapokaa) kutu imejaa tele diski imekaa upande! Ukasugua kwa brashi ya waya mpaka pakang'ara. Na kalipa, ile inayobana pedi za breki, ukaifunga kwa waya isining'inie kwenye hozi ya breki, mafundi wengi hilo hawajali kabisa. Unene wa diski ukapima, kiwango cha mwisho cha kulika kimeandikwa kwenye diski yenyewe, bado hazijafika hapo. Sasa naenda mpaka Makunduchi usukani umetulia tuli. Allah akulipe kheri, bolti zako ninazo, ukipita Kwerekwe nishtue.