Wa kadi, subirini la nyuma

Mhariri,

Mama yangu ana miaka 71, na kadi yake ya wazee, ile ya kupanda basi kwa nusu nauli, anaitunza kuliko kitambulisho. Ameizungushia mfuko wa nailoni, akaitia kwenye pochi, na pochi ndani ya mkoba. Kabla hajaipata, shughuli zake zote alizilundika siku moja: kliniki ya presha, kufuatilia pensheni, kumjulia hali dada yake. Jioni alirudi miguu imevimba, na kesho yake kutwa kitandani. Sasa kila jambo lina siku yake. Halafu kuna kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kuniomba nauli; sijakisikia tena tangu kadi iingie nyumbani. Mzazi aliyekusomesha akikuomba nauli huku anatazama sakafu, mnaona aibu wote wawili.

Nayasema haya kwa sababu bajeti ikikaribia hawakosekani wanaohoji kwa nini fedha za umma zilipie wazee wakazurure. Wacha wazurure! Mwaka 2012 watafiti wa Imperial College London walichapisha utafiti wao kuhusu kadi za kupanda mabasi bure nchini Uingereza, na wakakuta kwamba wazee wenye kadi hutembea kwa miguu mara nyingi zaidi kuliko wasio nazo. Ukilisikia haraka unaweza kushangaa, lakini basi haliji mlangoni kwa mtu. Kwenda kituoni ni kutembea, na ukishashuka unatembea tena. Aliyekosa nauli safari yake ni ya kutoka kitandani hadi kitini.

Tena siti nyingi wanazokalia zingekwenda tupu. Kule England, kwa utaratibu wa kitaifa, siku za kazi kadi inaanza kukubaliwa saa 3:30 asubuhi, wenye haraka ya kuwahi kazini wakiwa wameshapita.

Sikatai kwamba gharama ipo, na inakua. Korea Kusini ilipoanza kuwabeba bure kwenye treni za mjini watu wa miaka 65 na kuendelea, mwaka 1984, wazee wa umri huo walikuwa kama 4 katika kila watu 100. Leo wamefika 20. Treni za Seoul zinaendeshwa kwa hasara, na mjadala wa kupandisha umri hauishi. (Wapo wazee wa huko ambao treni hiyo ya bure ndiyo kazi yao: wanapeleka vifurushi vya watu na kulipwa ujira.) Nchi ya Brazil iliiandika haki hiyo kwenye katiba ya mwaka 1988, lakini katika miji mingi gharama yake ikaachiwa nauli za abiria wengine, yaani kibarua wa alfajiri anamlipia babu wa watu bila kuulizwa.

Hapo kwenye nani analipa ndipo penye shida yangu, Mhariri. Juzi nilikuwa na mama kituoni. Basi la kwanza lilipunguza mwendo, dereva akatuona: wazee wanne na mimi. Akakanyaga mafuta. La pili lilisimama, kondakta akaziba mlango kwa mkono na kusema, "Wa kadi, subirini la nyuma." Ndani nilihesabu siti tatu wazi. Mzee mmoja akarudi kukaa kwenye jiwe bila neno, kama mtu aliyezoea.

Nilikasirika, kisha nikamwuliza kondakta wa basi la tatu, lililotuchukua. Akaniambia ana hesabu ya siku ya kumpelekea mwenye gari, na mwenye gari haikubali kadi kama fedha. Fidia ya nauli za kadi, ile ya fedha za umma, inakuja ikiwa imechelewa na imepungua, na yeye hajawahi kuigusa. Kila mzee anayempandisha anampunguzia mkononi. Ningekuwa yeye, sijui kama ningesimama.

Kwa hiyo wanaopiga debe la kushusha umri wa kupata kadi, au kumfutia mzee hata ile nusu nauli anayolipa, naomba waanze na fidia. Sheria ya Uingereza inataka mwenye basi asipate faida wala hasara kwa kumbeba mzee, na hesabu yao inatambua kwamba baadhi ya safari zisingefanyika kama nauli ingelipwa kamili, hivyo halipwi kana kwamba kila safari ni ya tiketi nzima. Kanuni hiyo inaeleweka. Kadi iguswe kwenye mashine, safari ihesabiwe, fedha ziingie ndani ya wiki, na siku ileile zinapoingia sehemu yake imfikie kondakta kwenye hesabu yake. Ngazi ya basi nayo iteremshwe. Magoti ya miaka 71 hayapandi kimo kile hata safari ikiwa ya bure.

Mama, wakati tunasubiri, ameshajitafutia njia. Kituoni anasimama nyuma ya vijana, mkoba umefungwa, kama mtu mwenye nauli taslimu. Kadi haitoki kwenye nailoni mpaka miguu yote miwili iwe ndani ya gari na mlango umefungwa.

Msomaji wako