Bwana Hakuna

Zuhura shoga angu,

Za masiku? Mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku wazima, joto tu ndo linatumaliza.

Sasa sikia. Juzi usiku usingizi uligoma nikawa nazurura zangu kwenye simu, nikakutana na katuni ya zamani ya Kimarekani, nyeusi na nyeupe, inaitwa Betty Boop for President, ya mwaka 1932, haifiki hata dakika kumi, yani nimecheka peke angu gizani mpaka baba Salma akaamka akauliza unachati na nani saa hizi.

Betty unamjua, yule wa kwenye vipochi na fulana za mtumba, kichwa kikubwa, kigauni kifupi. Mi nilidhani ni pambo tu kumbe alikuwa staa wa sinema wa studio ya akina Fleischer, af alianza 1930 na masikio ya mbwa kabisa! Humu anagombea urais. Mpinzani wake shoga anaitwa Mr. Nobody, haya we mtafsiri. Nilijaribu Bwana Si Mtu haikukaa, nikasema huyu ni Bwana Hakuna basi. Anajinadi kwa wimbo, nani atawapunguzia kodi? Bwana Hakuna! Jamaa hajadanganya hata neno moja, mgombea kasema ukweli mtupu na bado kashindwa. Nani atawaletea maji? Hakuna. Nani atatengeneza barabara? Hakuna. Hizo mbili nimeongezea mimi lakini si unaona zinavyoingia, kwa Kiswahili utani unanoga kuliko hata kwa lugha yao.

Betty naye anaimba ahadi zake, mara sura inageuka anakuwa Hoover aliyekuwa rais wakati ule, mara anakuwa Al Smith ambaye Hoover alimshinda kwenye uchaguzi wa 1928. Anaahidi mwavuli wa kufunika mji mzima mvua ikinyesha, jambazi kawekwa kwenye kiti cha umeme badala ya kufa anatoka anatembea kwa madaha. Ila kilichoniacha hoi ni bunge lao, tembo ndo chama cha Republican punda ndo chama cha Democrat, na hoja ikiletwa lazima wapingane, hoja yenyewe inasema nini hawana habari.

Ukiangalia haraka haraka utaona upuuzi tu. Lakini mwaka ule kwao hali ilikuwa mbaya, karibu mtu mmoja kati ya wanne hana kazi, pombe marufuku nchi nzima tangu 1920, na katuni imetoka siku chache kabla ya uchaguzi wa Novemba 8, ule ambao Roosevelt alimbwaga Hoover. Ndo maana mwisho kabisa linatokea bilauri kubwa la bia, nadhani ukumbini walishangilia hilo kuliko Betty mwenyewe. Marufuku ilikuja kufutwa Desemba 1933. Na wanawake wa kule walikuwa na miaka 12 tu tangu katiba yao iwape kura, mtu akamuweka mwanamke ikulu, hata kama ni kwa masihara.

Nikakukumbuka wewe. Unakumbuka ulivyokuwa unapindua kinu cha mama unapanda juu na mwiko ndo maiki, kofia ya kampeni imekufunika mpaka puani, unamuiga yule mgombea udiwani, "ndugu zanguni maji yanakuja, maji yako njiani!" na sisi chini vigelegele, mpaka mama yako akatoka na ndoo mbili akakwambia haya nenda kayapokee. Tulienda mpaka kisimani tunacheka na ulirudi umebeba zote mbili peke ako maana sisi tulikimbia.

Nimekutumia hiyo katuni kwenye simu, iangalie na mama, ruka pale pa kiti cha umeme asije akaanza kuuliza maswali. Idi nikija nataka hotuba nzima, kinu nakishikilia mimi.

Wako,
Mama Salma