Mgeni wako yuko wapi?

Mhariri,

Assalamu alaikum. Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu niliporudi Pemba, nalo ni namna Mji Mkongwe unavyojieleza kwa kila anayeshuka bandarini na uwanja wa ndege, isipokuwa kwa sisi wenyewe.

Mimi ni fundi seremala. Kwa zaidi ya miaka 40 nimechonga milango, madirisha na vitanda hapa Wete, na umri wote huo Unguja nilikuwa nikiijua kwa safari za siku mbili tatu tu: kununua misumari na gundi Darajani, kuhudhuria harusi au maziko, kisha kurudi bandarini. Kipupwe kilichopita mambo yalikuwa mengine. Mke wangu alitakiwa awe karibu na daktari kwa miezi mitatu, nasi tukafikia kwa binti yetu Kikwajuni. Tulivuka mwezi wa Juni, kusi likivuma kweli kweli, na meli ikatusukasuka kuanzia Mkoani mpaka tulipouona mnara wa Malindi. Alhamdulillahi, mgonjwa aliendelea vizuri, akawa anauhitaji usingizi kuliko anavyonihitaji mimi, na asubuhi zangu zikabaki tupu. Mtu aliyezoea kushika patasi kila siku hawezi kukaa barazani akihesabu daladala zinazopita. Nikaanza kutembea, na siku ambazo skuli zimefungwa nilimchukua mjukuu wangu wa darasa la sita, ambaye kazaliwa hapo hapo mjini lakini, kama nilivyokuja kugundua, mji wake alikuwa akiujua kwa nje kama ninavyoujua mimi.

Nilianza na milango, kama mvuvi aliyefika mji mgeni anavyoanza na pwani. Tulizunguka Shangani, Baghani, Hurumzi, Kiponda na Malindi, wakati mwengine tukirudi mara tatu mlango ule ule kwa sababu jua la asubuhi huonesha kina cha nakshi ambacho jua la mchana hukificha. Milango ya zamani zaidi kizingiti chake cha juu kimenyooka; ile iliyokuja baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 19, wakati ufundi wa Kihindi ulipozidi kuingia, ina upinde juu uliojaa majani na maua. Kwenye mitaa ya maduka ipo ile ya Kigujarati, iliyogawanywa vipande vya mraba na yenye kukunjika ili duka lote lifunguke. Nilimuonesha mjukuu wangu mnyororo uliochongwa kuzunguka miimo, samaki, mtende na yungiyungi, na ile misumari ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka, ambayo husemwa kwamba huko Bara Hindi ilikuwa ya kumzuia tembo asiusukume mlango kwa kichwa. Unguja misumari hiyo ilibaki kuwa pambo, maana tembo pekee lililowahi kuvunja mlango wa mtu hapa ni lile la mnazi.

Kiponda tulisimama kwenye mlango mmoja ambao haukuwa mkubwa wala hautajwi popote, lakini aliyeuchonga alikuwa fundi hasa. Nilimwambia mtoto atazame kwanza pale ambapo mbao mbili zinakutana. Ubao mmoja huitwa dume na mwengine jike, na ule mwanya ulio baina yao unafunikwa na mfaa, mti uliosimama katikati, ambao ndio fundi hupenda kuuonesha uwezo wake kwa sababu jicho la anayebisha hodi hutua hapo. Kisha nikamuonesha kwamba mlango ule hauna bawaba hata moja. Ubao wenyewe umeachiwa ndimi mbili pembeni, moja juu na moja chini, zinazoingia katika matundu ya vizingiti, na humo ndimo mlango mzima unamozunguka. Uzito wote unakaa kwenye tundu la chini, na fundi akikosea upana wa kucha moja tu, mlango utalia maisha yake yote. Tukachutama kulitazama tundu. Mbao zilikuwa za msaji. Wengine walitumia mvule, mbambakofi au mfenesi, na fundi huzijua kwa kuzigusa kabla ya kuzitazama.

Tulipoinuka tulikuta tumezungukwa. Walikuwapo watoto watatu wa mtaani, muuza kahawa na dele lake, na kijana mmoja anayetembeza watalii, ambaye wageni wake walikuwa wamekwenda mbele kupiga picha. Kijana huyo, kwa adabu kabisa, aliniambia: "Shikamoo mzee. Naomba unirudilie hayo majina." Akayaandika kwenye simu yake: mfaa, mwimo, kizingiti, komeo. Alinieleza kuwa milango hii anaielezea kila siku kwa Kiingereza na kwa Kitaliana, na kwamba hakuna siku aliyoulizwa inavyoitwa kwa Kiswahili. Sikumlaumu. Lugha hupatikana pale inapotakiwa.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Katika jumba moja la maonesho, ambalo sitalitaja kwa sababu naamini si peke yake, tulifika mlangoni saa nne asubuhi, mimi nimevaa kanzu na kofia yangu na mtoto amevaa shati safi la Ijumaa. Aliyekuwa zamu alitutazama, akatazama nyuma yetu, kisha akaniuliza: "Mzee, mgeni wako yuko wapi?" Alidhani mimi ni dereva, au nimemleta mtalii ambaye bado yuko nje. Nilipomwambia kwamba mgeni ni mimi na mjukuu wangu, alicheka kidogo kwa haya, akatukaribisha vizuri, na wala hakututoza zaidi ya inavyostahiki. Kwa hiyo silalamikii kiingilio wala ukarimu. Ninalolisema ni lile swali. Lilimtoka mtu ambaye hakuwa na ubaya wowote, kwa sababu mazoea ya kazi yake yamemfundisha kwamba mwenyeji haji pale ila amemfuata mgeni.

Ndani ndiko nilikouona mzizi wake. Maelezo yote ukutani yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi nzuri na karatasi nzuri. Mjukuu wangu, ambaye Kiingereza chake ni cha darasa la sita, alijitahidi kusoma mistari miwili ya kila ubao, akachoka, akaanza kupita tu. Katika kabati la kioo alisimama ghafla na kuangua kicheko. Mlikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ya mbao, yenye ulimi wa chuma, haina tofauti na ile anayokalia bibi yake kila tunapopika samaki wa kupaza. Chini yake palikuwa na maelezo marefu. "Babu," akaniuliza, "mbona wameandika maneno yote haya juu ya mbuzi ya bibi?" Nikayafuata maelezo yale mstari kwa mstari nikilitafuta neno "mbuzi", na sikuliona. Kitu kimetoka jikoni kwetu, kimetiwa kwenye kioo katika mji wetu, na jina lake limeachwa jikoni.

Mtu asidhani kwamba tatizo ni watoto kutopenda mambo ya kale. Siku ya pili yake tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa pale lilipokuwa soko la watumwa. Tuliingia kwa adabu kama inavyompasa Muislamu anayeingia nyumba ya ibada ya wenzake, na tukabahatika kumpata mtu wa makamo aliyetueleza kila kitu kwa Kiswahili. Alitusimulia kwamba soko lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Alituonesha msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Akatuonesha pia nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu wakati Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, hayupo, na zimebaki hivyo hivyo hadi leo. (Nimewahi kuwa na vijana wa kazi wa aina hiyo, na nakiri nilifurahi kujua kwamba hata maaskofu waliwapata.) Nje, mbele ya zile sanamu za watu watano waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi iliyofanywa mwaka 1998 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mjukuu wangu alisimama muda mrefu, kisha akauliza maswali ambayo yule bwana hakuweza kuyajibu yote. Ni mtoto yule yule. Lililobadilika ni lugha aliyosemeshwa.

Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, tuliitazama kwa nje. Nilitamani sana kuigusa ile milango yake mikubwa yenye aya za Qur-ani, lakini jumba hilo, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020, na roho za watu zikapotea. Ngome Kongwe iliyo jirani yake, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 pahala palipokuwa na kanisa la Wareno, tuliimaliza upesi, kwa kuwa siku hiyo mtoto alikuwa ameshavutwa na harufu ya mishikaki ya Forodhani na hakusikia tena habari ya Mreno.

Usiku mmoja nilipelekwa na mkwe wangu kusikiliza taarab. Hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza. Udi, ganuni, fidla, akodiani, rika na dumbaki vilikwenda pamoja, muimbaji akitoa beti moja moja bila haraka, na akina mama wakiinuka kwenda kutunza kwa neno lililowagusa wao na ambalo wengine hatukulijua lilimgusa nani. Muziki huu ulifika kutoka Misri ukiimbwa kwa Kiarabu, na kikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kimeulea hadi leo. Lakini aliyeutia Kiswahili kinywani mwa watu ni Siti binti Saad wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurikodi nyimbo zake kwa lugha hii hii. Mwanamke aliyekuwa akitembeza vyungu kichwani aliiona lugha yake inafaa kutiwa kwenye santuri. Nashindwa kuelewa kwa nini sisi tunaiona haifai kutiwa kwenye kibao cha ukutani.

Najua litakalojibiwa. Litasemwa kwamba mtalii ndiye anayelipa, na kwamba fedha yake ndiyo inayoezeka mapaa ya majumba hayo. Ni kweli, na sina ugomvi na mgeni. Nusu ya masanduku ya njumu niliyotengeneza uzeeni yamenunuliwa na wageni. Lakini maandishi ya Kiingereza hayaondoki ukutani kwa kuandikwa ya Kiswahili juu yake. Mji huu ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Kiswahili sanifu kinachosomeshwa Afrika Mashariki nzima kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja, yaani lahaja ya mitaa hii hii tuliyokuwa tukitembea. Tarehe 7 Julai, ambayo ni Siku ya Kiswahili Duniani, ilitukuta huko, na nilisikia hotuba nzuri redioni juu ya lugha yetu kuvuka mipaka. Mimi ningependa kwanza ivuke kizingiti cha makumbusho.

Kwa hiyo naomba mambo machache kwa wanaohusika. Kila chombo kinachooneshwa kiandikwe kwanza jina lake la Kiswahili, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu atazisoma. BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili Zanzibar, waliotutolea Kamusi la Kiswahili Fasaha, waombwe wasaidie, na wasikae ofisini peke yao. Wawaite mafundi seremala, washona kofia, wasusi wa mikeka na watengeneza mashua, maana majina mengi tunayo vichwani na tunazeeka nayo. Na skuli za Pemba na za shamba zitengewe siku, hata ikiwa mara moja kwa mwaka, ambapo atakayewaeleza watoto awe ni mtu anayewaeleza kwa lugha yao. Sisi huku tuna ngome ya Chake Chake na magofu ya Mkama Ndume pale Pujini, nayo yanastahiki uangalizi huo huo, lakini hayo nitayaandikia barua yake.

Tulirudi mwanzoni mwa Septemba, bahari ikiwa imeanza kutulia. Mjukuu wangu alibaki na daftari lenye majina ya sehemu zote za mlango, na picha alizozichora mwenyewe kwa penseli. Juzi alinipigia simu kwa simu ya mama yake. Kauona mlango mmoja Malindi ambao mfaa wake umeng'olewa na pahala pake pamepigiliwa kipande cha bati, akaniuliza kama mwengine unaweza kupatikana. Nimemwambia aombe ruhusa kwa wenye nyumba, achukue kamba, anipimie urefu na upana, na asisahau unene.

Seremala mstaafu,
Wete, Pemba